Shajara ya ua wa nyumba: chuma kwa kufuata spidi, Lamu, Rajabu mpaka Mfunguo Mosi

9 Rajabu

Naanza kuandika leo maana nambari nikiziacha kichwani zapotea, na mradi huu wote ni nambari. Mimi ni baharia kwenye mashua ya ami yangu, siku za kawaida nashusha mizigo gatini hapa Amu, jioni nanyanyua chuma uani kwetu, mwaka wa sita huu. Rafu ya skwoti (kuchuchumaa na kusimama na baa mabegani) ni boriti nne za mkoko alizonifungia fundi wa Matondoni, baa ni ya kilo 20 ilopanda basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe kisha boti mpaka hapa, sahani za chuma nina nne za kilo 20, nne za kilo 5, mbili za kilo 2.5, na mbili za saruji nilizomimina mwenyewe kwenye karai nikaziandika 10 kwa rangi.

Sababu ya mradi ni mashindano ya mashua ya Mwaka Mpya. Ilipofika kubisha, yaani kugeuza mashua dhidi ya upepo, tanga limerowa, foromali (mti unaobeba tanga) nzito, sisi watatu tuko kwenye henza, kamba ya kupandishia foromali, twavuta kama twatoa ndoo kisimani, na wenzetu washageuka washakwenda zao. Ami hakugomba, tulipofika ufuoni alisema tu: "Nguvu munazo wanangu, lakini zachelewa kufika."

Neno hilo limenikaa. Maana ni kweli, nguvu za skwoti ninazo, na mwaka mzima nimekuwa nikifuata programu ya asilimia, wiki hii 75 ya maksi (uzito mkubwa kabisa niwezao kunyanyua mara moja), wiki ijayo 80, hivyo hivyo, na maksi yenyewe nilipima wakati wa kusi, baridi, nimelala vizuri, sina kazi nyingi. Sasa ni kaskazi, jua linachoma, usiku jasho, na karatasi bado inaniambia 85. Karatasi haijui kama jana nilishusha mifuko ya saruji tangu asubuhi mpaka alasiri. Kwenye karatasi hakuna mahali popote pameandikwa nguvu ifike kwa haraka gani.

12 Rajabu

Nimesoma siku tatu, naandika nilichoelewa.

Msuli una sharti lake: mzigo mwepesi waupandisha haraka, ukizidi uzito spidi inashuka, hilo halina ujanja. A. V. Hill alilipima kwenye misuli ya chura akaliandika mwaka 1938. Kwa baa nzima, jambo lenyewe linakuwa zuri zaidi kwa mtu kama mimi, maana ukichora uzito chini na spidi pembeni, nukta zinakaa karibu mstari ulonyooka. Wahispania González-Badillo na Sánchez-Medina walitoa utafiti wao wa benchi presi (kulala chali na kusukuma baa juu) mwaka 2010 wakaonyesha kwamba spidi inakwambia uko asilimia ngapi ya maksi yako kwa ukaribu sana, na mtu akizidi nguvu, spidi ya asilimia ile ile haibadiliki sana. Yaani kilo zinabadilika, asilimia na spidi zinabaki zimeshikana mkono.

Kwa hivyo huna haja ya kutafuta maksi kila mwezi kwa kujiua. Unanyanyua uzito wa kati, kwa nguvu zako zote, unapima spidi, na mstari unakwambia leo wewe ni mtu wa kilo ngapi. LEO, si mwezi wa saba.

Sharti moja lakini, kila repu, yaani kila mnyanyuo mmoja, lazima uisukume kwa haraka uwezavyo kwenda juu. Ukivuta pole kwa kupenda, nambari haina maana. Na hilo lenyewe ni dawa, maana utafiti mwingine wa González-Badillo na wenzake wa 2014 ulilinganisha watu wa benchi presi walosukuma kwa haraka yote na walosukuma kwa nusu ya spidi makusudi, mizigo sawa, na wale wa haraka waliongeza nguvu karibu mara mbili ya wenzao. Niliposoma hapo nikamkumbuka ami.

14 Rajabu

Vifaa. Wenye pesa wana kisanduku chenye uzi, uzi wafungwa kwenye baa, baa ikipanda uzi watoka na kisanduku chasoma spidi hapo hapo. Mimi sina pesa hiyo na hata ningekuwa nayo kuileta huku ni safari. Nina simu.

Hesabu ya simu ni ya darasa la sita: umbali gawanya kwa muda. Umbali wa baa kutoka chini kabisa ya skwoti mpaka nimesimama nimepima kwa futi ya fundi, mpwa wangu akiweka alama ya chaki kwenye boriti, mara tano, ni mita 0.62. Muda tunahesabu kwa fremu za video, yaani picha moja moja zinazoiunda.

Jaribio la kwanza halikufaa, na naandika kwa nini ili mtu asipoteze wiki. Video ya kawaida ya simu ni fremu 30 kwa sekunde. Repu moja ya haraka ni kama sekunde 0.7, yaani fremu 21. Ukikosea fremu moja mwanzo na moja mwisho, kosa ni karibu asilimia 10, na mimi natafuta tofauti ndogo kuliko hizo. Kazi bure.

20 Rajabu

Slomo, video ya mwendo wa polepole, imeokoa jahazi. Simu inapiga fremu 240 kwa sekunde, kwa hivyo repu ile ile ni fremu 168, ukikosea mbili kosa ni kama asilimia moja, hapo unaweza kuzungumza. Balsalobre-Fernández, Mhispania mwengine, alishathibitisha kitambo kwamba slomo ya simu yaweza kupima baa vizuri, kwa hivyo sikubuni mimi.

Lakini usiiamini simu kwa maandishi ya kwenye skrini. Simu nyengine zinaandika 240 na zinapiga pungufu halafu zinajaza katikati. Tulipiga video ya saa ya kuhesabia ilokuwa kwenye simu ya dada, sekunde mbili kamili, mpwa akahesabu fremu moja moja: 479 mara ya kwanza, 480 mara ya pili. Inatosha.

Sheria tulizokubaliana mimi na yeye, na yeye ni wa miaka kumi na nne lakini jicho lake kali kuliko langu: mwanzo ni fremu ya kwanza baa inapoacha chini kwenda juu, mwisho ni fremu magoti yanaponyooka. Si baa inaposimama, ni magoti, maana uzito ukiwa mwepesi naruka kwa vidole na baa inaendelea kupanda, ukihesabu hiyo umbali si 0.62 tena. Simu imefungwa kwenye kigogo ubavuni mwangu, hatua tatu, haisogezwi, tumechora duara kwa chaki chini ya kigogo.

27 Rajabu

Leo nimechora mstari wangu wa kwanza na umenifundisha kitu ambacho sikukitarajia.

Baa tupu, kilo 20: fremu 126, ambayo ni mita 1.18 kwa sekunde. Kilo 60: fremu 173, spidi 0.86. Kilo 80: fremu 225, spidi 0.66. Kilo 100: fremu 276, spidi 0.54. Kila uzito repu tatu, naandika ilokuwa ya haraka kuliko zote.

Ukichora, nukta ya 20, ya 60 na ya 100 zimelala kwenye mstari mmoja kama zimepigwa uzi wa fundi. Ya 80 iko chini ya mstari. Ilitakiwa iwe 0.70, imekuja 0.66. Nikasema pengine nilipumzika kidogo, nikangoja dakika tano nikarudia, 0.66. Mpwa akahesabu upya mara tatu kwa sababu alidhani kosa ni lake, masikini, karibu alie, fremu 225, 226, 225.

Nilikaa kwenye baraza nikiangalia ile karatasi mpaka maghribi. Nikiwa na udhu nikielekea msikitini ndipo likanijia: kilo 60 ni sahani mbili za chuma. Kilo 100 ni sahani nne za chuma. Kilo 80 ni mbili za chuma NA ZILE ZA SARUJI.

Baada ya swala nimezibeba mpaka dukani kwa mzee mmoja wa Langoni mwenye mizani ya dijitali ya magunia. Ya kwanza kilo 12.4. Ya pili kilo 12.7. Yaani ile "kilo 80" yangu ya miaka yote ilikuwa kilo 85 na gramu 100. Nimerudi nyumbani nikaiweka nukta kwenye 85, ikakaa juu ya mstari sawasawa.

Nimefurahi kuliko siku nilopandisha kilo 120 mara ya kwanza. Kwa sababu kama mstari waweza kuniambia kwamba saruji yangu ina kilo tano za ziada, basi utaniambia na mimi mwenyewe nina nini kila siku. Nimezifuta zile 10 nikaziandika uzito wake wa kweli.

Mstari wangu basi: kila kilo inaondoa spidi ya 0.008. Kwa skwoti, maksi za watu wengi ziko karibu na spidi 0.30, kwa hivyo ukiuvuta mstari mpaka 0.30 unapata kilo 130. Hiyo ni makadirio, sijainyanyua. (Benchi presi ni hesabu nyengine kabisa, maksi yake iko karibu 0.16, kwa hivyo spidi 0.30 kwenye benchi bado una akiba. Usichukue nambari ya zoezi moja ukaipeleka kwa jengine.)

4 Shaabani

Kipimo cha kila siku sasa ni kilo 80 za kweli, chuma kitupu, sahani mbili za 20 na nne za 5, repu mbili baada ya kupasha moto. Nikipata kama 0.70 mimi ni mimi. Siku hadi siku inacheza 0.02 au 0.03 hivi, hiyo naiacha, haina habari. Ikipita hapo ndio naishughulikia.

Jumanne nilishuka gatini nimechangamka, moyo mweupe, nikajua leo ntavunja chuma. Kilo 80 ikaja 0.65. Nilikuwa nimeshusha mizigo siku mbili mfululizo na mwili wajua hata kama moyo haujui. Nikapunguza kilo. Alhamisi kinyume, usingizi mbovu, mbu, stima imekatika usiku kucha feni haizunguki, nikasema leo napasha moto tu naondoka, ikaja 0.72. Nikaweka 105 na zote zikaenda juu haraka. Bila kipimo siku zote mbili ningefanya kosa, Jumanne kwa kuzidisha, Alhamisi kwa kupunguza.

9 Shaabani

Hili ndilo jambo kubwa la pili na nalieleza kwa urefu kwa sababu binamu yangu tumezozana nalo wiki nzima.

Zamani seti yangu, yaani repu za mfululizo kabla ya kupumzika, ilikuwa inaisha nikiishiwa. Repu ya mwisho nikitetemeka, uso mwekundu, hiyo ndiyo seti. Sasa seti inaisha spidi ikishuka kwa kiasi nilichoamua kabla ya kuanza. Repu ya kwanza ya kilo 100 kwa mfano ni fremu 276. Nikiamua mwisho ni kushuka asilimia 20, gawanya 276 kwa 0.8, ni fremu 345. Repu ikifika hapo, rudisha baa, hata kama unahisi una mbili tatu nyengine.

Binamu akasema, "Sasa bro, utakuwa mnene vipi ukiacha kabla hujachoka?" Swali zuri na lina jibu. Pareja-Blanco na wenzake, 2017, walichukua vijana kwa wiki nane za skwoti, kundi moja likiacha seti spidi ikishuka asilimia 20, jengine likiendelea mpaka 40. Kundi la 40 lilipiga repu nyingi zaidi na misuli ikakua zaidi, ndio, hapo binamu ana haki yake. Lakini nguvu ya skwoti iliongezeka kwa kiasi cha kukaribiana, na kwenye kuruka kundi la 20 ndilo lilofaidika zaidi, kwa kazi pungufu. Na kundi la 40 lilipungukiwa na zile nyuzi za msuli zenye haraka kuliko zote. Nikamwambia, wewe wataka mkono ujae shati, mimi nataka henza iende juu, kila mtu na asilimia yake. Yeye amechagua 35, mimi 20, twatumia baa moja.

Shida ya vitendo ni kwamba fremu huwezi kuzihesabu katikati ya seti. Tunafanya hivi: mpwa anahesabu repu ya kwanza na ya mwisho tu, napumzika dakika nne, zinamtosha. Kama nimepitiliza, seti ijayo napunguza repu moja. Na kabla hajasema, mimi nabashiri. Mwanzoni nilikuwa nakosea vibaya, nasema 300 naye ananiambia "Mjomba, ni 352". Sasa nakosea kwa 15 au 20. Sikio limeanza kuwa kipimo, ukiisikiza pumzi yako na mlio wa sahani unajua.

Kingine tulichoanza ni kuruka. Mikono kiunoni, chuchumaa ruka, video hiyo hiyo, unahesabu fremu miguu ikiwa hewani. Muda zidisha kwa muda, mara 9.81, gawa kwa 8, unapata mita. Leo fremu 120, nusu sekunde, sentimita 30.7. Ndiyo nambari ya kuanzia.

Na henza. Tumefunga mashua gatini, tanga kavu, upepo mdogo, mimi na binamu na baharia mwengine tukapandisha foromali kutoka chini mpaka juu. Sekunde 21.

22 Shaabani

Wiki tulivu. Seti nne za 100, repu tano tano, zinaishia fremu 330 hadi 345. Kilo 80 imekuwa 0.71, 0.72, 0.71.

2 Ramadhani

Miaka yote Ramadhani nilikuwa na njia mbili, ama naacha kabisa, ama naendelea kama kawaida nikiumwa kichwa. Safari hii tunapima.

Leo nimefanya kabla ya kufuturu, saa kumi na moja jioni, nikifikiri nikimaliza tu nakutana na tende na maji. Kilo 80 ikaja 0.63. Kwa mstari wangu hiyo ni kama kilo 9 zimeondoka mwilini. Nilipunguza mpaka 90 na hata hizo repu ya tatu ilikuwa imeshuka, na nilipoinama kuokota sahani dunia ikazunguka. Nikaacha hapo hapo. Kufunga na kaskazi na kushusha mizigo, maji yametoka yote, na hapo ndipo pa kuumia.

6 Ramadhani

Nimehamia baada ya tarawehe, saa tatu na nusu usiku. Futari nakula nyepesi, uji, tende, kaimati mbili tatu, maji kidogo kidogo mpaka isha, na viazi vya nazi na samaki naviacha mpaka nimalize chuma. Mama hakuipenda habari hii ya chakula kumngoja mtu, lakini anakifunika.

Kilo 80: 0.68 juzi, 0.69 leo. Tofauti kati ya jioni na usiku, mtu yule yule, funga ile ile, ni 0.06, kama kilo 7. Sijui mara ngapi huko nyuma nilidhani nimedhoofika na kumbe nilikuwa na kiu.

11 Ramadhani

Kumi la kwanza limeisha. Utaratibu: mara mbili kwa wiki badala ya tatu, kushuka asilimia 10 tu badala ya 20, kwa hivyo fremu 276 mpaka 307 basi. Repu zinakuwa tatu, mara nyengine nne. Seti tano. Najisikia kama sijafanya kitu, natoka uani shati halijarowa sana, lakini asubuhi nashuka gatini miguu myepesi, na hilo kwa mfungaji ni jambo kubwa.

Binamu ameacha mpaka Idi. Sikumlaumu.

19 Ramadhani

Jana 0.70, leo tumeangalia video ya jana tena ili tuhakikishe, fremu 212, ni 0.70. Katikati ya Ramadhani niko pale pale nilipoanza Rajabu. Nilikaa na hiyo karatasi nikamshukuru Mungu, kwa kweli.

27 Ramadhani

Kumi la mwisho, usiku ni wa ibada, chuma mara moja tu wiki hii. Kilo 80: 0.72. Sikugusa zaidi ya 90.

5 Mfunguo Mosi

Tumekula Idi, tumetembelea watu, nimelala. Leo kupasha moto tu, na kilo 80 imekuja 0.76. Mpwa alihesabu mara nne bila kuambiwa. Fremu 196.

9 Mfunguo Mosi

Siku ya kupima. Binamu kulia, baharia mwenzetu kushoto, na boriti mbili za kuzuia nimeziweka vidole vinne chini ya pale baa inapofika nikichuchumaa, maana maksi bila kizuizi ni kucheza na uti wa mgongo.

Kwanza mstari. Kilo 60: 0.92. Kilo 80: 0.76. Kilo 100: 0.60. Mteremko ni ule ule wa 0.008, mstari wote umepanda juu kwa 0.06. Ukiuvuta mpaka 0.30 unapata kilo 137 na nusu.

Nikaweka 120, sahani nne za 20 na nne za 5, ikaenda 0.45. Halafu sahani nne, saruji mbili, na mbili za kilo 5: kilo 135 na gramu 100 kwa mizani ya mzee. Mstari ulisema 0.32. Ilikuja 0.34. Binamu alipiga kelele jirani akachungulia dirishani.

Nikapumzika dakika saba. Nikaongeza zile mbili za 2.5. Kilo 140.1. Hapa hakuna haraka ya kuonekana kwa macho, lakini kichwani nilikuwa nasukuma kama niko kwenye henza na mashua imeelekea upepo. Ilisimama kidogo katikati ya njia, nikajua ndio hapa, halafu ikapita. Fremu 572. Spidi 0.26.

Sasa kuwa mkweli kwa nambari. Ile 0.30 ni ya watu wengi, yangu mimi imeonekana ni 0.26, ninaweza kuvumilia polepole zaidi. Kwa hivyo yale makadirio ya Rajabu, kilo 130, yalikuwa madogo. Kwa 0.26 mstari ule wa kwanza unatoa 135. Basi nisijidai nimeongeza kilo 10, nimeongeza tano, pengine saba, ndani ya miezi miwili na nusu yenye Ramadhani nzima ndani yake. Kwangu hiyo ni nyingi. Na kuanzia leo kwenye daftari maksi yangu inasomwa kwa 0.26.

Kuruka: fremu 125. Sentimita 33.3.

13 Mfunguo Mosi

Henza. Gati ile ile, tanga kavu, watu wale wale watatu, tumerudia mara mbili. Sekunde 17, na 17 tena.

Siwezi kusema ni skwoti peke yake. Kamba tuliipaka mafuta ya papa wiki jana, na upepo wa leo mwanana kuliko ule wa Shaabani, na binamu amepumzika mwezi mzima. Ningetakiwa kupima kabla ya kupaka kamba, hilo ni kosa la mpangilio na nimeliandika ili lisirudi. Lakini niliposhika kamba nilihisi tofauti, mvuto wa kwanza foromali iliondoka mara moja, haikusubiri.

Ami alikuwa amekaa shetri akitazama, simu ya mpwa imeegemezwa kwenye ndoo. Nikamuuliza, "Ami, umeonaje?"

"Tanga kavu hilo," akasema. "Lirowesheni."

Kesho kutwa maji yakijaa asubuhi tunalirowesha na kupima upya, kamba haitaguswa. Usiku wa leo naanza mstari wa dedilifti (kuinua baa kutoka chini mpaka nimesimama), kilo 60, 100 na 120, umbali mpwa ameshapima, mita 0.54.